Kazi ya kufundisha Kiingereza Thailand: natoka Malindi, nianzie wapi?

Ngomeni_Ticha (muulizaji)

Assalaam alaykum nyote. Nina shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi, nambari ya TSC (tume ya walimu ya Kenya) ninayo, na cheti cha TEFL, cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, cha saa 120. Shule ya sekondari ya serikali huko Nakhon Ratchasima, Thailand, imenikubali nikafundishe Kiingereza kuanzia muhula wa katikati ya Mei. Mkataba ni wa miezi 11, mshahara baht 25,000 kwa mwezi, chumba natafuta mwenyewe. Wakala aliyeniunganisha anasema nikate tiketi sasa hivi, niingie kwa viza ya utalii, na karatasi zilizobaki zitamalizwa hukohuko.

Mimi niko Malindi, wazazi wako Lamu. Mama ameweka sharti: radhi ya safari hatoi mpaka ajue nitakula nini na nitaswali wapi. Nami nataka kujua karatasi zipi nitengeneze nikiwa bado hapa, nibebe pesa ngapi za kuanzia, na darasa la huko lina mambo gani ambayo madarasa yetu hayana. Navaa hijabu. Shukran.

Mkunguni

Waalaykum salaam ukhti, hongera. Tiketi iache kwanza. Thailand mpango ni huu: viza ya Non-B, yaani ya kazi, kisha safari, kisha kibali cha kazi, kisha darasani. Viza ya utalii haikuruhusu kufundisha hata kipindi kimoja. Anayekamatwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000, hurudishwa kwao, na hukaa miaka miwili bila kupewa kibali kingine. Adhabu hiyo inakuangukia wewe, si wakala.

Non-B inaombwa kwa mtandao, kwenye thaievisa.go.th, na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi ndio unaoishughulikia. Shule inakutumia barua ya kukuajiri na nakala za karatasi zake. Wewe unaweka pasipoti, shahada, orodha ya alama zako za chuo, cheti cha tabia njema, picha na ushahidi kwamba una pesa za kuanzia. Viza ikitoka hukupa siku 90 za kukaa, na ndani ya siku hizo shule hukuombea kibali cha kazi, ruhusa ya muda ya kufundisha kutoka Khurusapha (baraza lao la walimu), halafu nyongeza ya muda wa kukaa mpaka mkataba uishe.

Sasa angalia majina yako. Kwetu pwani hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Kitambulisho kinasema Mwanaisha, shahada inasema Mwana Aisha. Pasipoti ina majina matatu, cheti cha kidato cha nne kina mawili. Mohamed huku, Muhammad kule. Hapa Kenya karani anaelewa kuwa ni mtu mmoja. Afisa wa Thailand analinganisha herufi kwa herufi na hajui kwamba kwetu yote ni jina moja. Zitandaze karatasi zako zote mezani leo. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kiapo inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja, na hiyo nayo iingie kwenye msururu wa kuthibitishwa.

Cheti cha tabia njema unakiomba eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI (idara ya upelelezi): unalipa, unachapisha fomu ya C24 na risiti, unakwenda kuchukuliwa alama za vidole Huduma Centre. Malindi iko, Lamu pia iko. Usiombe mapema mno, kwa sababu wakubwa wa huko hutaka cheti kilichotolewa miezi michache iliyopita.

Shahada inathibitishwa kwa ngazi. Chuo kikupe nakala yenye muhuri na barua kwamba kweli ulihitimu, wakili mthibitishaji, Wizara ya Mambo ya Nje Nairobi, mwisho ubalozi wa Thailand. Ngazi moja ikirukwa, inayofuata itakurudisha. Kutoka Malindi, na zaidi kutoka Lamu, safari ya Nairobi ni gharama, kwa hiyo kusanya kila kitu uende mara moja, na ufanye skani ya rangi ya kila ukurasa kabla hujautoa mkononi.

Mengine ni madogo lakini yanazuia safari. Pasipoti iwe na mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuisha, maana nyongeza ya muda haivuki tarehe ya pasipoti. Chanjo ya homa ya manjano: abiria anayetoka Kenya lazima awe na kile kitabu cha njano, na chanjo ianze kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Na kwa kuwa Wakenya hawahesabiwi miongoni mwa wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa, utaulizwa alama za mtihani wa Kiingereza. Inayotajwa sana ni TOEIC, alama 600 kwenda juu. IELTS inafanyika Mombasa, TOEIC inafanyika Bangkok. Waulize shule wanataka ipi na kufikia lini.

Kwa_Bahari

Naongeza moja ili haki itendeke. Kubadilisha viza ya utalii kuwa Non-B ndani ya Thailand sheria inaruhusu. Unaomba uhamiaji ukiwa bado na siku zisizopungua 15, ada ni baht 2,000. Kwa hiyo maneno ya wakala si uongo mtupu.

Mkunguni

Ni kweli, njia hiyo ipo. Lakini inataka shule iwe na karatasi zake zote tayari siku ile unayoingia, na zako ziwe zimekwisha kuthibitishwa. Karatasi moja ikikosekana, siku zinakwisha na inakubidi utoke nchini kwa gharama yako. Ikiwa shule ina karatasi zote, basi itakuwa imeweza kuzituma Nairobi upate Non-B. Na wakati wa kungoja mabadiliko hayo hufundishi, kwa maana hiyo hulipwi.

Langoni

Mimi nashughulishwa na huyo wakala zaidi kuliko viza. Wakenya wengi wameitwa Thailand kwa kazi nzuri za ualimu, hoteli, kompyuta, wakaishia Myanmar katika makambi ya utapeli wa mtandaoni upande wa Myawaddy. Wizara ya Mambo ya Nje imetoa onyo zaidi ya mara moja. Viza ya utalii na haraka ya tiketi ndivyo wanavyoanza. Sisemi kwamba wako ni wa hao. Nasema mpime, na vipimo si vigumu.

Kwanza, jina la ofisi yake liwe kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA). Unaitafuta kwenye tovuti yao mwenyewe, usikubali picha ya leseni ya WhatsApp.

Pili, barua ya shule. Barua rasmi ya shule ya serikali ya Thailand ina nembo ya Garuda juu, yule ndege mwenye mwili wa mtu, ina nambari ya barua na sahihi ya mkuu wa shule. Tafuta nambari ya simu ya shule peke yako, si ile iliyo kwenye barua, na upige.

Tatu, omba mazungumzo ya video na mkuu wa idara ya Kiingereza wakati wa masomo. Saa tatu asubuhi yao ni saa kumi na moja alfajiri yetu, wametutangulia saa nne. Akuoneshe darasa, akuoneshe ratiba yako. Shule ya kweli haina sababu ya kukataa.

Nne, jua njia. Nakhon Ratchasima, wenyewe huiita Korat, iko kaskazini-mashariki mwa Bangkok, kama kilomita 250. Barabara ni ya Mittraphap kupitia Saraburi, basi hutoka kituo cha Mo Chit na huchukua saa tatu hadi nne. Mji wa mpakani unaoelekea Myawaddy ni Mae Sot, mkoa wa Tak, upande wa magharibi kabisa. Ukiletewa gari uwanja wa ndege, washa ramani kwenye simu na umtumie mtu wa nyumbani mahali ulipo kwa muda wote wa safari. Ukianza kuona vibao vya Nakhon Sawan, Kamphaeng Phet au Tak, huendi Korat. Shuka penye watu, kituo cha mafuta kinatosha, upige 191 polisi au 1155 polisi wa watalii. 1300 ni ya kuripoti usafirishaji haramu wa watu. Ubalozi wa Kenya Bangkok uwe na jina lako na anwani yako tangu wiki ya kwanza. Pasipoti ikae kwako. Anayeitaka "aiweke" usimpe.

Mida_Creek

Dada, niseme ya pesa. Baht 1 ni karibu shilingi 4, kwa hiyo 25,000 ni kama laki moja. Kwa mji wa Korat zinatosha kuishi kwa utulivu na kutuma kidogo nyumbani. Shida iko mwanzoni, kwa sababu mshahara hulipwa mwisho wa mwezi na anayeanza katikati ya Mei mara nyingi hupokea wa kwanza uliokamilika mwisho wa Juni. Kwa hiyo hesabia siku 45 bila kipato.

Chumba kizuri kidogo chenye choo chake na kiyoyozi ni baht 4,000 hadi 5,000 kwa mji kama huo. Mwenye nyumba huchukua amana ya mwezi mmoja au miwili na kodi ya mwezi wa kwanza. Tukichukua 4,500 na amana ya miezi miwili, siku ya kuingia unatoa 13,500. Chakula na usafiri 300 kwa siku, siku 45, ni 13,500 nyingine. Kuongeza muda wa kukaa ni 1,900, kibali cha kazi cha mwaka hufika 3,100 pamoja na ada ya maombi. Vyombo, mashuka, laini ya simu, weka 3,000. Jumla baht 35,000, yaani shilingi 140,000, tiketi haimo. Uliza kama shule inarudisha ada za kibali. Nyingine hurudisha, nyingine hukata mshahara. Ijue kabla hujatia sahihi.

Kabla ya kulipa amana uliza bei ya umeme kwa yuniti. Bei ya serikali iko karibu na baht 4, lakini wenye vyumba wengi hutoza 7 au 8, na hawakuambii usipouliza. Kiyoyozi kidogo hula kama yuniti 0.7 kwa saa. Ukilala nacho saa nane ni yuniti tano na nusu, karibu baht 40 kwa usiku, 1,200 kwa mwezi. Korat haina upepo wa bahari, na Machi hadi Mei joto hukaribia nyuzi 40, kwa hiyo chagua chumba chenye madirisha pande mbili na ununue feni ya kusimama. Halafu Desemba na Januari usiku hupoa kuliko Malindi ilivyowahi kupoa. Beba sweta moja.

Piga picha kila ukuta, godoro, bomba na mita ya umeme siku unayopewa ufunguo, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Amana nyingi hupotea kwa doa lililokuwepo kabla.

Mkataba wa miezi 11 maana yake kuna mwezi hulipwi, kwa kawaida Aprili, na kodi ya nyumba haingoji. Weka akiba baht 1,000 kila mwezi kwa ajili hiyo.

Plagi zetu za miguu mitatu mipana haziingii kwenye soketi zao. Volti zinakaribiana, adapta tu ndiyo unayohitaji, nunua mbili Malindi. Laini yako ya Safaricom iwezeshe kutumika ugenini kabla hujaondoka, maana benki na M-Pesa zitaendelea kukutumia namba za siri kwa ujumbe, na huko hakuna duka la kukurejeshea laini. Na mkopo wa chuo wa HELB unaendelea kuhesabiwa hata ukiwa ughaibuni. Panga malipo ya kila mwezi kabla ya kupanda ndege.

Ngomeni_Ticha (muulizaji)

Allah awalipe. Wakala nimemwandikia leo nataka jina la leseni yake, na barua niliyonayo nimeiangalia, Garuda yupo. Simu ya video nitaomba Jumatatu. Bado ya mama: chakula na swala. Na hijabu darasani?

Siyu_Mpaka_Ng'ambo

Mwambie mama kwanza kwamba wali, nazi na samaki ni chakula cha kila siku Thailand. Tui linauzwa sokoni limekunwa na kukamuliwa, na la boksi liko kila duka. Korat iko mbali na bahari, kwa hiyo samaki wengi ni wa maji baridi: perege wanamwita pla nin, kambare wamejaa. Wa baharini utaona pla thu, vibua vidogo vilivyochemshwa na kupangwa kwenye vikapu vya mianzi, vichwa vimeinamishwa viingie. Vyumba vingi havina jiko. Nunua sufuria ya umeme ya wali, baht 500 hivi, na karai la umeme. Hapo wali wa nazi na mchuzi unapika mwenyewe, na mahamri ukitaka, unga upo, iliki beba kutoka nyumbani.

Chakula cha nje ndicho kinachohitaji macho. Nguruwe yuko kila mahali, hata pale ambapo jina la chakula halimtaji. Supu ya tambi, hata ile ya vitonge vya samaki, mara nyingi imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe. Na karai: muuzaji anakaanga nyama ya nguruwe, anapangusa kwa kijiko, palepale anavunja yai lako kwa mafuta yaleyale. Ukimwambia "mai sai mu", usitie nguruwe, ataondoa vipande na kukupa kwa moyo safi, lakini karai halijaoshwa na mafuta yenyewe huenda ni ya nguruwe. Kwa hiyo sema "pen itsalam kha", mimi ni Muislamu. Hapo muuzaji mwenyewe hukwambia kama chakula chake hakikufai, na wengi hukuelekeza kwa jirani. Hilo neno "kha" ni adabu ya mwanamke, usiliache.

Alama ya halali ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand ni umbo la almasi lenye neno la Kiarabu ndani. Utaiona kwenye bidhaa nyingi sana madukani, biskuti, mikate, tambi, hata vyakula vya kupasha. Peremende laini na mtindi angalia zaidi, kwa sababu ya jelatini. Mikahawa ya Waislamu huandika kwa Kithai "ahan itsalam", mara nyingi kibao cha kijani chenye mwezi na nyota. Wauzaji wa roti za barabarani wengi ni Waislamu, na hao ndio watakaokuonesha msikiti uliko. Kuku wa kawaida hakuchinjwa kwa bismillahi. Siku usiyoona alama, kula samaki wa kuchoma kwa chumvi. Wanachomwa wazima juu ya makaa, karai haliingii.

Kibla kinabadilika kabisa. Lamu na Malindi tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Thailand utaelekea magharibi, kidogo upande wa kaskazini. Usitegemee simu ndani ya jengo la vyuma. Tafuta magharibi kamili ukiwa nje, kisha geuka kidogo kulia. Adhuhuri huingia kwenye saa sita na robo hivi, kwa hiyo mapumziko ya chakula yanakutosha. Magharibi huwa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja kasorobo kulingana na mwezi, usikawie kwenye vikao vya jioni. Omba mapema chumba kidogo cha kuswalia. Stoo ya vitabu au chumba cha wagonjwa kinatosha, na hilo halimshangazi mtu kwa sababu Thailand ina Waislamu wengi, hasa mikoa ya kusini.

Hijabu: mwulize mkuu wa idara kwa maandishi kabla ya sahihi, na utume picha uliyovaa vile utakavyovaa kazini. Sketi ndefu na shati la mikono mirefu lenye kola ndiyo heshima yao ya mwalimu wa kike pia. Buibui jeusi kila siku liwache kwa matembezi, rangi nyeusi tupu kwao ni ya msiba.

Asubuhi saa mbili kamili kuna bendera, wimbo wa taifa na dua ya Kibudha. Wimbo simama wima. Dua, simama kimya na mikono yako chini. Wanafunzi Waislamu wanafanya hivyohivyo. Juni kuna siku ya Wai Khru, wanafunzi huwapigia magoti walimu na kuwapa maua. Pokea maua, na mwambie mwalimu mwenzako siku mbili kabla kwamba sehemu ya mbele ya sanamu ya Budha hutashiriki. Ukisema kabla, wanakupangia kiti. Ukisusia siku yenyewe, umewaaibisha mbele ya watu.

Mwalimu_wa_Zamani_Mld

Mwanangu, hongera. Nakuandikia ya darasani, maana hayo ndiyo utakayoishi nayo.

Darasa la shule ya serikali lina watoto 40 hadi 50. Vipindi vya dakika 50, ishirini hivi kwa wiki, na pengine madarasa kumi tofauti unayoyaona mara moja au mbili tu. Usijaribu kushika majina rasmi, ni marefu mno. Kila Mthai ana jina fupi la nyumbani, na kila mwanafunzi ana nambari yake darasani. Mwombe mwalimu Mthai orodha yenye nambari, jina fupi kwa herufi za Kilatini, na nafasi ya alama. Kazi yoyote isiyo na nambari irudishe. Bila hilo, mwisho wa muhula utakuwa na makaratasi mia nne usiyojua ni ya nani. Na majina yao usiyaandike kwa wino mwekundu.

Watakusalimu kwa wai, viganja vimeunganishwa. Usianze wewe kuwapa watoto. Waitikie kwa kuinamisha kichwa kidogo au viganja kifuani. Kwa mkuu wa shule anza wewe, ncha za vidole zifike puani. Viatu vinavuliwa mlangoni mwa madarasa mengi, kwa hiyo vaa vya kuchomoa. Usimguse mtoto kichwani, usielekeze kitu kwa mguu. Mtawa usimguse wala kumpa kitu mkononi, wewe ni mwanamke. Familia ya kifalme haijadiliwi, hata kwa swali la kawaida la darasani. Sheria yao, kifungu cha 112, ni kifungo cha miaka mitatu hadi kumi na mitano. Bakora hairuhusiwi, kama kwetu.

Matamshi sasa. Mthai anakula konsonanti ya mwisho. "Rice" na "right" zote zinatoka "rai". L ya mwisho inageuka n: "ball" inakuwa "bon", "school" inakuwa "sakun". R na l zinachanganyika, v inakuwa w. Vitenzi vyao havibadiliki kwa wakati wala nomino kwa wingi, ndiyo maana -ed na -s zinapotea mdomoni na kwenye daftari pia. Sauti na sarufi ni tatizo moja, zifundishe pamoja. Lakini jiangalie nawe. Kithai kinatofautisha vokali fupi na ndefu, Kiswahili hakitofautishi. Mtoto wa Kithai anasikia "ship" na "sheep" ni vitu viwili, na mwalimu wa pwani huzitamka sawasawa. Jirekodi kwa simu kila siku jozi hizi: ship na sheep, full na fool, cat na cut, bird na bed. Mpaka msikilizaji asiyeona karatasi aweze kukwambia ulisema ipi.

Kipindi cha kwanza kipange hivi. Dakika tano salamu na sheria tatu tu, kwa picha ubaoni. Dakika kumi jozi nne za maneno yanayotofautiana mwisho, mfano "five" na "fine", "rice" na "right". Wewe unasema, wao wanainua kidole kimoja au viwili. Hakuna anayesema peke yake bado, kwa sababu Mthai akiona atakosea mbele ya wenzake atanyamaza muhula mzima. Dakika kumi kundi zima linarudia, kisha safu kwa safu. Dakika kumi na tano wawiliwawili, mmoja anasoma mwingine anaandika. Kumi za mwisho kila mmoja anaandika sentensi tatu na nambari yake, anakupa mlangoni. Usiulize "mmeelewa?" Wote watasema ndiyo kwa heshima. Uliza swali ambalo jibu lake linaonekana kwenye karatasi.

Tarajia vipindi kufutwa bila taarifa: michezo, gwaride, sherehe, mitihani ya katikati. Gawa muhula wa wiki 18 au 20 kana kwamba ni 14. Na kufeli: mwanafunzi akipata 0 unatakiwa umpe kazi ya kurudia au mtihani mwingine mpaka afaulu. Andaa mtihani huo wa pili siku ileile unayoandaa wa kwanza, na hifadhi alama zote na tarehe, ofisi itazitaka.

Saa zao za usiku zitakupendeza: saa moja jioni wanaihesabu moja, saa mbili ni mbili, kama sisi. Lakini ratiba ya shule imeandikwa kwa saa 24.

Mkunguni

Nimalizie ya baada ya kufika. Mwenye nyumba lazima akuandikishe uhamiaji kwa fomu ya TM30 ndani ya saa 24. Mkumbushe siku unayoingia na ubaki na nakala, bila hiyo nyongeza yako itakataliwa. Hospitali itakupima kwa ajili ya kibali cha kazi: kifua kikuu, ukoma, kaswende, dawa za kulevya, ulevi, na matende. Kila siku 90 unaripoti anwani kwa fomu ya TM47, bure, kuanzia siku 15 kabla mpaka siku 7 baada. Ukipitisha ni faini ya baht 2,000. Muda wa kukaa ukipita, ni 500 kwa kila siku. Na ukija nyumbani likizo, nunua kwanza kibali cha kurudi, 1,000 kwa mara moja au 3,800 kwa mara nyingi. Ukitoka bila hicho, nyongeza yote inakufa pale uwanja wa ndege na unaanza upya Nairobi.

Pikipiki usikodi mpaka uwe na leseni. Bima hailipi asiyekuwa nayo. Wapo bodaboda wa fulana za rangi ya machungwa.

Kwa tarehe zako: cheti cha tabia njema omba Februari, chanjo wiki hiyohiyo, Nairobi kwa uthibitisho Machi mwanzoni, viza Machi mwishoni, tiketi viza ikishatoka, ufike Korat wiki moja na nusu kabla ya muhula. Siku tatu kabla ya kutua jaza kadi ya kuingia ya mtandaoni, TDAC, ni bure. Tovuti inayokutoza si ya serikali.